Daktari Ajibu: Virusi Vinavyotumwa Kuua Saratani

Tangu tulipoandika kuhusu saratani ya matiti katika toleo lililopita, barua nyingi zilizofika mezani pangu kutoka Kisumu, Kakamega na Nakuru zimeyaacha matiti kando na kuuliza jambo moja: je, ni kweli kwamba kirusi kinaweza kutengenezwa kikaua saratani? Nimechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaficha kwa ombi lao, na barua zilizokuwa ndefu mno nimezifupisha.

Daktari, mama yangu ana miaka 61 na hospitalini wametuambia ana saratani ya umio. Chakula kigumu hukwama kifuani, kwa hiyo tangu Januari anakunywa uji tu. Tumepewa tarehe ya kuanza matibabu, lakini jamaa wa kanisani ametuletea mtu anayeuza "virusi vya kula saratani" kutoka ng'ambo, chupa tatu kwa shilingi 36,000. Huzibeba kwenye mkoba, na mama anatakiwa kunywa vijiko viwili asubuhi na jioni. Anasema tukianza dawa za hospitali virusi vitakufa. Tumeshachanga nusu ya pesa. Tufanye nini? — Nyalenda, Kisumu

Msinunue. Pesa mlizokwisha kuchanga zielekezeni kwenye nauli, vipimo na lishe ya mama.

Nasema hivyo bila kusitasita ingawa jambo aliloliegemea muuzaji huyo ni la kweli, na hapo ndipo ujanja wake ulipo. Virusi vilivyobadilishwa ili vishambulie saratani vipo. China iliidhinisha kimoja kiitwacho Oncorine mwaka 2005 kwa saratani za kichwa na shingo. Marekani ikaidhinisha Imlygic mwaka 2015 kwa melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi. Na Japani ikatoa idhini ya masharti kwa Delytact mwaka 2021, kwa uvimbe mkali wa ubongo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichoidhinishwa kwa saratani ya umio, ingawa watafiti wa Japani wamewahi kujaribu kirusi kingine, pamoja na mionzi, kwa wagonjwa wa umio ambao hawakufaa kupasuliwa.

Sasa itazameni chupa yenyewe. Imlygic ni kirusi hai, nacho huhifadhiwa kikiwa kimegandishwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 70 na 90 chini ya sufuri, baridi ambayo friji ya nyumbani haiwezi kuikaribia. Huyeyushwa kinapokaribia kutumika, daktari hukidunga kwa sindano ndani ya uvimbe wenyewe, kisha mahali hapo hufunikwa kwa bandeji ili mtu mwingine asiguse majimaji yake. Hakinywewi kwa kijiko. Kilichomo kwenye chupa iliyozungushwa mjini ndani ya mkoba katika joto la Kisumu, hata kama kweli kiliwahi kuwa kirusi, hakiwezi kuwa hai hadi leo.

Na lile dai kwamba dawa za hospitali zitaua virusi linaanguka lenyewe, kwa sababu Oncorine iliidhinishwa itumike pamoja na kemo, si badala yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni huo uji. Mgonjwa wa umio mara nyingi hudhoofishwa na njaa kabla saratani yenyewe haijamfikisha pabaya, kwa hiyo msingoje tarehe mliyopewa ndipo muulize kuhusu kumeza. Rudini wiki hii mkamwambie daktari wenu kwamba mama hawezi kula, na muulize kama anafaa kuwekewa mrija wa chuma unaotanuka ndani ya umio na kuacha njia ya chakula. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikiifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mrija hauponyi saratani, lakini mtu aliyekuwa akinywa uji tu anaweza kurudi kula chakula laini, akapata nguvu ya kuyastahimili matibabu mengine.

Huyo muuzaji mripotini kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Akijitetea kwamba anafanya utafiti, mjue kwamba mgonjwa anayeshiriki majaribio halali ya dawa hauziwi dawa hiyo, na hatiwi sindano wala kupewa tone kabla hajaelezwa madhara yake na kutia sahihi kwa hiari.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Nilipokuwa nikifundisha jinsi kirusi kinavyoingia kwenye seli, kikajizalisha na kuipasua, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: kirusi kitajuaje ipi ni seli ya saratani na ipi ni nzima? Sikuwa na jibu la kumridhisha. — Kakamega

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba kirusi hakijui chochote. Hujaribu kuingia popote kinapopata mlango. Tofauti iko kwa wenyeji.

Fikiria kijiji ambamo mwizi akivunja nyumba moja, mwenye nyumba hupiga nduru, na majirani wote hufunga milango na kutoka na rungu. Seli nzima hufanya hivyo hivyo. Ikivamiwa na kirusi hutoa protini ziitwazo interferoni, ambazo huzionya seli za jirani zijifunge, na yenyewe huzima mitambo yake ya kutengeneza protini ili mvamizi asiitumie. Seli ya saratani, katika mbio zake za kugawanyika bila kukoma, mara nyingi imeshaharibu mfumo huo. Haipigi nduru tena. Kirusi dhaifu ambacho kingekwama katika seli nzima hustawi humo, kikajizalisha kwa maelfu hadi seli ikapasuka.

Kazi ya mhandisi wa jeni, basi, ni kukidhoofisha kirusi kwa kipimo sahihi. Chukua Imlygic, ambayo asili yake ni kirusi cha malengelenge ya mdomoni, yale ambayo wengi hupata wakiwa na homa. Kirusi hicho cha asili kina jeni iitwayo ICP34.5, ambayo ndiyo huizuia seli nzima isizime mitambo yake. Watafiti waliiondoa. Wakaondoa na ya pili, ICP47, inayokisaidia kirusi kujificha kwenye kinga ya mwili, halafu mahali pa kilichoondolewa wakaweka jeni ya binadamu inayotengeneza GM-CSF, protini ya kuziita seli za kinga. Kwa hiyo seli ya saratani inapopasuka humwaga vitu vitatu kwa pamoja: virusi vipya, vipande vya saratani ambavyo kinga haikuwahi kuviona waziwazi, na mwito wa kuwaita askari waje wavitazame. Watafiti wengi siku hizi wanaamini kwamba mwito huo una uzito kuliko kule kupasua seli, nami nakubaliana nao, maana katika majaribio hata baadhi ya uvimbe ambao haukudungwa ulisinyaa.

Njia nyingine ni ya mlango. Kirusi cha polio huingia kupitia kipokezi kiitwacho CD155, ambacho seli za saratani nyingi hukibeba kwa wingi. Katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, watafiti walichukua kirusi cha chanjo ya polio ya matone, wakabadilisha kipande chake kimoja kwa kipande cha kirusi cha mafua ili kisiweze kuzaliana ndani ya seli za neva, kisha wakakipeleka kwa mrija mwembamba hadi ndani ya uvimbe wa ubongo. Matokeo ya wagonjwa 61 yalichapishwa mwaka 2018. Asilimia 21 walikuwa hai baada ya miaka 3, wakati kwa wagonjwa wa zamani waliolinganishwa nao walikuwa asilimia 4. Mwanafunzi mwerevu atauliza mbona wamelinganishwa na wa zamani badala ya wagonjwa wa wakati huo huo kugawanywa kwa kura, hawa wapewe kirusi na wale wasipewe. Swali hilo mpe alama zake, kwa sababu ndilo wataalamu wenyewe waliuliza.

Imlygic ilijaribiwa kwa kura, kwa wagonjwa 436. Waliopungukiwa na uvimbe kwa kiasi kikubwa, na hali hiyo ikadumu angalau miezi 6, walikuwa asilimia 16.3, dhidi ya asilimia 2.1 ya wale waliodungwa GM-CSF peke yake. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini igeuze uone upande wa pili: zaidi ya wagonjwa 8 katika kila 10 hawakupata nafuu ya kudumu namna hiyo. Baadaye walijaribu kuichanganya na pembrolizumabu, dawa inayoifungulia kinga breki, na katika jaribio kubwa la melanoma mchanganyiko huo haukurefusha maisha kuliko pembrolizumabu peke yake.

Sababu za ugumu huo utazieleza darasani bila shida. Kirusi kikipitishwa kwenye damu, kingamwili za mtu aliyekwisha kuugua au kuchanjwa hukidaka njiani, na ini hukichuja. Kikidungwa ndani ya uvimbe hukutana na nyama ngumu kama gamba isiyopenyeka kwa urahisi. Na uvimbe ulioko ndani ya pafu au kongosho haufikiwi kwa sindano kama ule wa chini ya ngozi.

Mpwa wangu ana miaka 6. Amevimba taya kwa wiki tatu na meno ya upande huo yanalegea. Nyanya anasema zamani mtoto wa jirani alivimba vivyo hivyo, akashikwa na ukambi, na uvimbe ukanywea wote, kwa hiyo anataka tumpeleke akacheze na watoto wenye ukambi. Je, kuna ukweli? — Karibu na Bondo, Siaya

Mpeleke mtoto hospitali kesho asubuhi, kisha urudi usome yanayofuata. Taya linalovimba haraka na meno kulegea kwa mtoto wa umri huo, katika ukanda huu wa ziwa, ni dalili ya limfoma ya Burkitt hadi vipimo vikatae. Ni mojawapo ya saratani zinazokua upesi kuliko zote, na pia ni mojawapo ya zinazoitikia kemo vizuri zaidi ikianzwa mapema. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, inaujua ugonjwa huu vizuri.

Nyanya naye asidharauliwe, kwa sababu huenda aliona kwa macho yake jambo ambalo madaktari pia waliliona. Mwaka 1971 jarida la Lancet lilichapisha habari ya mvulana wa miaka 8 nchini Uganda aliyekuwa na limfoma hiyo karibu na jicho. Kabla hajatibiwa alishikwa na surua, yaani huo ukambi, na kadiri vipele vilivyomtoka ndivyo uvimbe ulivyozidi kusinyaa. Leo hakuna mhadhara wa virusi vinavyoua saratani usioonyesha picha zake.

Eneo letu limeingia katika elimu hii kwa milango mingi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1958, na mwaka 1961 akazunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari kuukuu pamoja na wenzake wawili, akiuliza kila hospitali kama wamewahi kuuona. Aligundua kwamba hufuata maeneo ya joto na mvua na kukwepa nyanda za juu zenye baridi, ramani ambayo ni kama ya malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Siku moja ndege ilichelewa, ikatua Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kikafika kikiwa ndani ya maji yaliyochafuka. Kumbe ule uchafu ulikuwa seli za saratani zilizo hai, zikielea. Kutokana na seli hizo Michael Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kinachoitwa Epstein-Barr. Hata kirusi cha West Nile, ambacho madaktari wa Marekani walikijaribu kwa wagonjwa wa saratani miaka ya 1950, kilipatikana mara ya kwanza Uganda mwaka 1937.

Lakini surua ya mtaani si dawa. Nafuu za namna hiyo zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za muda tu. Mtoto ambaye kinga yake imedhoofishwa na saratani anaweza kuuawa na surua kwa kuvimba mapafu au ubongo. Kinachotumiwa na watafiti ni kirusi cha chanjo, kilichofugwa maabara tangu miaka ya 1950 na kupunguzwa makali. Hospitali ya Mayo huko Marekani ilieleza mwaka 2014 kuhusu mwanamke mwenye saratani ya uboho aliyepewa kwa mshipa dozi moja ya kirusi hicho ambayo ingetosha kuchanja watu milioni 10, na saratani ikatoweka kwa miezi kadhaa kabla ya sehemu moja kurudi. Mgonjwa wa pili katika taarifa hiyo hiyo hakufanikiwa hivyo.

Mwambie daktari pia kama mtoto alipata chanjo zake za surua, ile ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Asichanjwe kwa chanjo hai akiwa kwenye kemo bila idhini yao, na mtoto yeyote mwenye ukambi asimkaribie.

Nimesikia kwamba huko Marekani watoto wenye saratani ya damu wanatiwa virusi vya Ukimwi. Hili ni kweli, au ni porojo za mitandao? — Lanet, Nakuru

Ni ukweli uliosimuliwa vibaya. Kirusi cha Ukimwi kina ustadi mmoja wa pekee: hupachika jeni zake moja kwa moja ndani ya jeni za chembe nyeupe za damu. Watafiti wamelichukua gamba lake, wakaondoa jeni zinazokiwezesha kuzaliana na kuleta ugonjwa, wakaweka jeni wanayoitaka wao. Kilichobaki ni kama gari la mizigo lenye mafuta ya safari moja tu, na mgonjwa hapati Ukimwi kwa njia hiyo.

Tena gari hilo halimwingii mtoto. Damu yake hupitishwa kwenye mashine inayotenga chembe ziitwazo seli T, chembe hizo hupelekwa maabara, na huko ndiko kirusi huzitia jeni ya kipokezi kinachozifanya ziitambue alama ya CD19 iliyo juu ya seli za lukemia, yaani hiyo saratani ya damu. Huzalishwa hadi zikawa mamilioni, ndipo hurudishwa mwilini kwa mshipa. Emily Whitehead alikuwa na miaka 6 alipotibiwa hivyo huko Philadelphia mwaka 2012, baada ya kemo kushindwa mara mbili, akawa mtoto wa kwanza mwenye lukemia kutibiwa kwa njia hiyo. Sasa ni msichana mzima. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, Kymriah, iliidhinishwa Marekani Agosti 2017, baada ya jaribio ambamo asilimia 81 ya wagonjwa 75 walipata nafuu ndani ya miezi 3.

Bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 475,000, zaidi ya shilingi milioni 60 kwa thamani ya sasa, tena kwa mgonjwa mmoja. Naitaja kwa sababu watu huniandikia wakiuliza kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipia. Na si bei tu: kinga iliyoamshwa kwa nguvu hiyo inaweza kumrukia mgonjwa mwenyewe, akapandisha homa kali na kuporomoka presha, kiasi cha kuhitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Emily mwenyewe alikuwa kwenye mashine ya kupumua kabla ya kupona. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo kwamba, kwa nadra, seli T zenyewe zinaweza kugeuka saratani.

Je, mtu akipewa tiba ya jeni, watoto atakaowazaa watarithi jeni hizo? Na kuna aliyewahi kufa? — Webuye, Bungoma

Hawarithi, kwa kuwa tiba hizi, ambamo kirusi hubeba jeni na kuzitia kwenye seli, hulenga seli za damu au za uvimbe, si mbegu za uzazi wala mayai. Waliokufa wapo. Anayekumbukwa zaidi ni kijana wa Marekani wa miaka 18, Jesse Gelsinger, aliyefariki Septemba 1999 siku chache baada ya kudungwa kirusi cha adeno, jamii ya virusi vinavyoleta mafua, katika majaribio ya tiba ya ugonjwa wa ini, si wa saratani. Kifo chake kilibadilisha namna majaribio hayo yanavyosimamiwa.

Baba yangu ana saratani ya kibofu cha mkojo, na hospitali imeanza kumwekea dawa ndani ya kibofu mara moja kwa wiki. Wanaiita BCG. Je, hiyo ndiyo tiba ya virusi? Na je, sisi tunaotumia choo kimoja naye tuko salama? — Njoro, Nakuru

BCG si kirusi, ni bakteria hai, na wewe mwenyewe huenda unayo alama yake mkononi, kwani ndiyo chanjo ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga. Kazi yake kibofuni inafanana na ile niliyomweleza mwalimu wa Kakamega: huiamsha kinga ije mahali ilipolala. Imetumika kwa saratani hiyo tangu miaka ya 1970. Kwa wagonjwa wasiosaidiwa nayo, Marekani iliidhinisha Desemba 2022 tiba ya jeni iitwayo Adstiladrin, kirusi cha adeno kisichoweza kuzaliana ambacho huingizwa kibofuni kwa mrija uleule na kuziachia seli za ukuta wake jeni ya interferoni. Karibu nusu ya wagonjwa hawakuonekana na saratani baada ya miezi 3. Mzee akiendelea vizuri na BCG hana haja ya kuitafuta.

Kuhusu choo, tahadhari ni za saa 6 za kwanza kila anapotoka kuwekewa dawa. Akojoe akiwa ameketi ili mkojo usirukeruke, amimine dawa ya kuulia vijidudu kama Jik kiasi cha kulingana na mkojo, asubiri dakika 15 ndipo amwage maji, na anawe mikono kwa sabuni. Kama choo chenu ni cha shimo, akojoe kwenye ndoo yenye kifuniko, atie Jik humo, asubiri dakika hizo hizo, ndipo amwage.